Paji la Uso la Mama Yangu

Bukavu, Jumapili, tarehe 30 Septemba 1990

Nsimire mwanangu,

Leo nitakuambia yote. Nimeapa kwa msalaba ulio juu ya mlango wetu, na nimeapa pia kutopamba kitu, hata pale ambapo aibu ni yangu. Wewe uko Mumosho, umekwenda kumuaga shangazi yako. Baba yako amekwenda kuangalia lori lake. Nyumba ni yangu mpaka saa kumi na mbili, na barua hii nitaiweka chini kabisa ya sanduku lako ili uikute Kinshasa. Sitaandika habari za kula, kuvaa wala kusali. Hayo nimeyasema miaka kumi na saba, na kama hayakuingia kwa mdomo, hayataingia kwa karatasi.

Nataka kukuambia habari ya ile picha iliyo ukutani juu ya kitanda chako.

Uliikata kwenye gazeti ukiwa mwaka wa tatu wa sekondari. Mwanamke mwenye kilemba kirefu amesimama mbele ya picha saba, mikono yake nyuma. Chini wameandika kwamba ni profesa wa shule kuu ya sanaa ya Kinshasa, na kwamba zile picha saba, ambazo zote ni paji la uso la mwanamke mmoja, zimesafiri nchi nyingi. Ulinionyesha ukasema: "Mama, ona, huyu ni muntu ya Bukavu kama siye. Miye nataka kuwa kama yeye." Nikakupa misumari minne midogo. Nikakushikia kiti ulipokuwa ukiipigilia. Na tangu siku hiyo, kila asubuhi nikija kukuamsha, mwizi wangu ananitazama juu ya kichwa cha mtoto wangu.

Lile paji la uso ni la mama yangu, tate yako. Aliyelichonga ni mimi.

Sasa keti, usome polepole.

Tate yako alikufa ukiwa na miaka minne, labda unakumbuka kiko chake tu. Alikuwa mwanamke wa Miti. Tangu usichana wake alibeba mizigo mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, kama wabebavyo wanawake wetu wote: kuni, maharagwe, magunia ya magome ya kwinini kutoka mashamba ya Wazungu. Mkanda ule ulimchimbia mfereji kichwani. Haukuwa sawa. Upande wa kulia ulikuwa na kina zaidi, kwa sababu alizoea kuuinamisha mzigo upande huo. Mvua ikimkuta njiani, maji yalipita katika mfereji na kumwagika kwenye jicho la kulia, na yeye alikuwa akicheka na kusema Mungu alimjengea nyumba akasahau kuweka bati upande mmoja. Nilipokuwa mdogo nililala naye, nikaweka kidole changu katika mfereji ule mpaka usingizi uje.

Nilipofika shule ya sanaa hapa mjini, masista walinifundisha kwa uangalifu mkubwa. Walinifundisha kunoa kisu, kuandika herufi zilizosimama wima bila rula, kusubiri mpaka niulizwe, na kushukuru. Niliyashika yote. Haya mawili ya mwisho niliyashika vizuri kupita kiasi.

Katika bweni, kitanda changu kilikuwa karibu na cha msichana aitwaye Régine. Sasa ana jina jingine, lile uliloliona gazetini, lakini mimi nitamwita Régine, kwa sababu ndilo jina nililomwitia nilipompenda. Baba yake alikuwa karani wa forodha. Alikuwa akishushwa shuleni kwa Volkswagen, na mama yake alishikiwa hata mkoba. Régine alikuwa na maneno. Alitufanya tucheke mpaka mlinzi wa bweni aje na tochi, naye akamfanya mlinzi pia acheke. Sista wetu wa karakana alizoea kusema kwamba Vénérande ana mkono na Régine ana mdomo, tukishonwa pamoja tutatoa msanii mmoja kamili. Sote tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia habari za mfereji, na za kidole.

Mwaka wa mwisho nilichonga paji la mama yangu mara saba, kwenye vipande vya lino, lile zulia gumu la sakafuni, vilivyobaki masista walipotandika sakafu yao. Wewe unajua kazi hiyo: unachonga, unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi, unagandamiza. Mama yangu aliacha shamba siku mbili akaja kukaa mbele yangu. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza tu kama anaruhusiwa kuvuta kiko.

Ilikuwa 1972, na agizo la majina likatoka. Kila mtu aache jina la ubatizo, achukue jina la mababu. Shuleni tulikuwa tunajiandaa kwa maonyesho ya wahitimu. Kamishna angekuja, watu wa chama wangekuja, na angekuja bwana mmoja kutoka shule kuu ya Kinshasa kuchagua mwanafunzi mmoja wa kumpeleka huko. Tukaambiwa kwamba hakuna kazi itakayopanda ukutani ikiwa na karatasi ya jina la Kizungu.

Wenzangu walirudi Jumatatu na majina mapya, wakiitana huku wanacheka, kama watu wanaojaribu viatu sokoni. Mimi nilirudi mikono mitupu. Katika daftari la shule nilikuwa Vénérande Zacharie, jina langu na la baba yangu, yote mawili ya kanisani. Baba alikuwa katekista. Nilipomwomba jina la mababu alinijibu: "Jina yako Mungu alisha kuiandika. Bakuje baifute bo benyewe." Niliomba mara tatu. Mara ya tatu aliinuka akaenda kukamua ng'ombe. Ningeweza kujitungia, kuna waliojitungia. Lakini kwetu mtu hajipi jina, hupewa, na mimi nilikuwa mtoto mtiifu.

Kwa kuwa mwandiko wangu ulishinda wa wote, sista alinipa mimi kazi ya kuandika upya karatasi za majina. Jumamosi nzima niliandika majina mapya ya wenzangu. Mwishoni zikabaki picha zangu saba, bila karatasi. Régine alikuwa ameketi juu ya meza anakula ndizi. Mtungi wake, kazi yake ya mwaka mzima, ulikuwa umepasukia tanuruni siku mbili kabla. Yeye alikuwa na jina bila kazi, mimi nilikuwa na kazi bila jina.

"Andika yangu," alisema. "Ni ya ile siku tu. Kamishna akisha kwenda, tunaitosha, tunaitupa. Ao unataka mama yako abakie mu kabati?"

Nikaandika. Kwa mkono wangu wa kulia, kwa kalamu ya sista, herufi zimesimama wima. Hakuna aliyenishika mkono. Hilo ndilo kosa langu, na sijawahi kulitubu hata kwa padri, kwa sababu sikujua ni dhambi ya aina gani.

Siku ya maonyesho yule bwana wa Kinshasa alipita haraka mbele ya mitungi na vikapu, akasimama mbele ya picha saba, hakuondoka tena. Akauliza ni za nani. Nilimtazama Régine, nikangoja acheke, ageuke anionyeshe mimi kwa kidole. Alitoka mbele. Bwana akamuuliza uso ule ni wa nani, naye akajibu kwa Kifaransa safi, bila kutikisika: "Ni paji la uso la mama yangu."

Mama yangu alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Miti, amevaa kitambaa chake cha kanisani kilichomfunika mpaka kwenye nyusi. Kifaransa hakukijua. Alikuwa anatabasamu kwa sababu alijiona ukutani.

Nilimgeukia sista. Aliweka kidole mdomoni, kwangu na kwa wenzangu waliojua. Baadaye aliniambia kwamba tukisema mbele ya kamishna kuwa karatasi ni ya uongo, shule nzima itaingia matatani, na baba yangu atakuwa wa kwanza. Tutarekebisha baada ya likizo. Nikasubiri, kama nilivyofundishwa. Kabla likizo haijaisha sista alirudishwa kwao akiwa mgonjwa, na Régine alikuwa ameshapanda ndege. Njiani kurudi Miti mama aliniuliza yule msichana alisema nini juu yake. Nikamwambia: "Alisema wewe ni mzuri." Alifurahi sana. Alikufa akiamini hivyo.

Mimi nikaolewa, nikawa mwalimu wa shule ya msingi. Na kwa kuwa mwandiko haukunitoka, mji huu umeniita kuandika majina yake: kwenye diploma, kwenye misalaba ya makaburi, kwenye kadi za mwaliko za siku ya wanafunzi wa zamani wa shule yetu. Unaijua siku hiyo. Misa asubuhi, maonyesho madogo katika ukumbi wa mbele, mtu aliyefanikiwa anakuja kuhutubia, kisha bia. Mwaka wa 1981 jina la mhutubu nililoletewa kwa ajili ya kadi lilikuwa lile jipya la Régine. Nikaliandika tena, mara mia, kwa herufi zile zile.

Ulikuwa na miaka minane. Nilikwenda nawe, ukakaa kando yangu unakula karanga. Alionyesha picha zangu kwa mashine ya taa, kubwa, zimejaa ukuta mzima. Akasimulia. Akasema mama yake alibeba magunia ya kwinini. Akasema alipokuwa mdogo aliweka kidole chake katika mfereji ule mpaka usingizi uje. Watu walilia, Nsimire. Wewe ulipanda juu ya kiti ukapiga makofi. Picha labda ningeweza kusamehe siku moja, nikizeeka sana. Kidole, hapana.

Lakini kuna kitu nilikisikia siku ile ambacho hakuna mwingine aliyekisikia. Alisema mvua iliponyesha, maji yalimwagika kwenye jicho la kushoto la mama yake. Na akalionyesha kwa fimbo ukutani, la kushoto.

Umeshaelewa? Wewe ni mchapaji, utaelewa. Lino hugeuza. Nilichonga mama yangu kama nilivyomwona, mfereji mkubwa upande wa kulia. Karatasi ilipolazwa na kuinuliwa, kulia kukawa kushoto. Aliyelala na mama yangu, aliyemwona akifuta jicho njiani, hawezi kusema kushoto hata katika ndoto. Anayesema kushoto hakumjua mwanamke, aliijua karatasi.

Nilimfuata uani. Alikuwa amezungukwa na watu, ameshika glasi. Nilimwita Régine. Akatabasamu akasema siku hizi hatuitani hivyo, tunaitana citoyenne, mwananchi. Nikamwambia leo aseme ukweli, hapa, mbele ya watu wanaonijua. Akanishika mkono kwa upole, akanivuta mpaka kwenye bomba la maji.

"Ile karatasi ya jina niko nayo Kinshasa," alisema. "Iko ndani ya kadre, pamoja na picha. Unajua mukono ni ya nani. Batakuuliza: kama ni kazi yako, juu ya nini uliandika jina yangu? Utabajibu nini? Papa yako alikataa agizo? Ule muzee angali katekista, hapana?"

Akanipapasa bega. "Miye nilimupatia mama yako ukuta, Vénérande. Bila miye, panya zingalimukula mu kabati."

Ubaya wa maneno hayo ni kwamba ndani yake mlikuwa na kweli kidogo, na kweli hiyo ndogo ndiyo iliyonifunga mdomo. Wewe ulikuwa umebaki ndani, unachungulia mashine ya picha. Régine hakukuona pamoja nami. Nami sikumwambia habari za jicho. Ndicho kitu pekee nilichowahi kumnyima, na nimekitunza miaka tisa kama mtu anavyotunza kisu ndani ya mafuta.

Sasa inakuja sehemu ambayo nilitaka kuiruka.

Ulianza kuchora pamoja nami wiki ile ile. Unakumbuka? Nilikuletea penseli tatu, tukakaa jikoni, na ulipochoka sikukuruhusu kuinuka. Ulidhani nakufundisha kwa sababu nakupenda. Nakupenda. Lakini kulikuwa na jambo jingine mezani pamoja nasi. Nilitaka mkono mmoja wa nyumba hii uingie katika shule ile ya Kinshasa na kukaa mbele ya Régine. Ulipolia kwamba wenzako wanacheza, nilifikiria yeye. Juni mwaka huu, jina lako liliposomwa kati ya waliochaguliwa kwenda shule hiyo, baba yako alicheza katikati ya barabara kama kijana, nami nikatoa machozi, ukanifuta kwa kitenge chako ukidhani ni furaha tu. Baba yako peke yake, ambaye anaijua habari hii yote, alinitazama vibaya. Jioni ile aliniambia: "Weye na ule mwanamuke, hata mbinguni mutaomba Mungu abapatie vyumba mbili." Kisha akaongeza kwamba mtoto si mzigo wa kumbebesha mtu mwingine. Nilimkasirikia siku tatu. Siku ya nne nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki.

Kando ya barua hii, katika kitenge cha buluu, utakuta vipande saba vya lino. Ndivyo vyenyewe. Régine ameyaambia magazeti kwamba vyake viliharibiwa na mvua; mtu hawezi kunyeshewa kitu ambacho hakuwahi kukishika. Utakuta pia picha ya kitambulisho cha tate yako, kichwa wazi, mfereji upande wa kulia, kama Mungu na magunia walivyouweka. Baba yangu amekwisha kufa, hakuna wa kumtia matatani. Tangu Aprili wanaume wanavaa tena tai, na watu wanaitana tena majina ya ubatizo barabarani bila kugeuka nyuma. Sina tena sababu ya kunyamaza isipokuwa wewe.

Katika karatasi walizokutumia, nimesoma kwamba mwezi wa Desemba kuna maonyesho ya wanafunzi wa zamani, na Régine ndiye atakayehutubia. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hutundika kazi moja moja katika njia inayoelekea ukumbini, na baada ya hotuba wao ndio huanza kuuliza maswali. Nilisoma mistari hiyo nikasimama, nikatembea mpaka kwenye choo cha uani na kurudi, nikaisoma tena.

Nitakuambia ninachotaka, bila kujificha. Nataka uvichape vipande hivyo katika karakana yao, kwa wino wao. Nataka avikute katika njia ile, vipya, vyeusi, wino haujakauka vizuri, na wewe utazame miguu yake kama itapunguza mwendo. Nataka aingie aseme mbele ya wote maneno yake ya jicho la kushoto. Kisha msichana wa mwaka wa kwanza asimame, kwa adabu, amwulize mvua ilimmwagikia mama yake katika jicho lipi, na aweke picha ya kitambulisho mezani. Ukumbi mzima utakuwa wa wachapaji. Hakuna atakayehitaji kuelezwa. Nataka atafute maneno, yeye aliyekuwa na maneno yote, asipate hata moja. Nimelala na picha hiyo miaka tisa na bado haijanichosha.

Na najua pia kwamba Régine ni mmoja wa waamuzi wa mitihani yenu, kwamba anaweza kukurudisha Bukavu kabla ya Pasaka, na kwamba huenda ukampenda. Ni mwalimu mzuri, wote wanasema. Atakusifu, na sifa zake zitakuwa tamu, nami sitakuwapo.

Kwa hiyo sikuamuru. Siku moja niliuweka mkono wangu chini ya jina la mtu mwingine kwa sababu nilikuwa mtiifu. Sitaki wewe uuweke mkono wako chini ya hasira yangu kwa sababu hiyo hiyo. Vipande ni vyako. Unaweza kuvichapa, kuvifunga tena, au kusubiri mpaka uwe na diploma yako mkononi. Lakini usije ukasema mama alisamehe. Sijasamehe. Nataka aanguke, na nataka uwe umesimama atakapoanguka, na haya mawili sijui kuyapatanisha, ndiyo maana nimekuandikia badala ya kukuambia usoni.

Nakusikia mlangoni, unacheka na mtoto wa jirani, na sahani bado sijaosha. Ninaandika jina langu hapa kwa herufi za wima, lile Mungu alilokwisha kuliandika: mimi mama yako, Vénérande.

Jambo moja unijibu upesi, usingoje posta, mpe barua mtu yeyote anayerudi na ndege ya Kavumu. Watu wa Bukavu wakikutana Kinshasa hawaanzi na kazi, huanza na ukoo, naye akisikia unavyosema atakuuliza siku ile ile ya kwanza, kwa ile sauti yake nzuri. Nsimire, Régine atakapokuuliza wewe ni mtoto wa nani, utamjibu nini?